Mashamba Yalitangulia: Historia ya Sheria ya Uingereza Juu ya Watu Wasioweza Kujiamulia

Sheria ya Uingereza inayowahusu watu ambao hali ya akili zao imewanyima uwezo wa kujiamulia mambo ilianza kama tawi la sheria ya ardhi. Kwa karne nyingi swali lililopelekwa mahakamani halikuwa mgonjwa atibiwe vipi wala aishi na nani, bali nani atashika mashamba yake, nani atakula mavuno na nani atatoa hesabu. Hata majaji wa karne ya 20 walipolazimika kuamua juu ya mwili wa mgonjwa, yaani upasuaji, uzazi na mwishowe uhai wenyewe, wengine wao walishika vipimo vilivyokuwa vimechongwa kwa ajili ya kodi za mashamba na posho za wapwa. Ni vigumu kuielewa sheria ya sasa bila kuifuata njia hiyo, kwa sababu mengi yanayoonekana ndani yake kuwa ni mawazo ya kitabibu au ya haki za binadamu yana asili katika daftari la msimamizi wa shamba.

Chimbuko lake ni waraka uliopewa jina la Kilatini Prerogativa Regis, maana yake haki za pekee za mfalme, ambao kwa desturi huwekwa katika mwaka wa 17 wa utawala wa Edward II, ingawa wanahistoria wengi huuhesabu kuwa wa zamani kidogo kuliko hapo. Waraka huo uliwagawa watu wasio na akili timamu katika makundi mawili, na mgawanyo wenyewe ulikuwa wa kifedha kuliko ulivyokuwa wa kitabibu. Kundi la kwanza ni la aliyezaliwa punguani, ambaye haikutarajiwa kamwe kwamba angepata akili. Mashamba ya mtu wa namna hiyo yalishikwa na mfalme, naye mfalme alichukua faida yote kwa sharti la kumlisha na kumvisha mwenyewe, na kuyarudisha kwa warithi baada ya kifo chake. Kundi la pili ni la mwendawazimu, yaani aliyekuwa na akili zake kisha zikamtoka, na ambaye huenda zikamrudia kwa vipindi. Huyo, mfalme alimtunzia mali tu, akailisha nyumba yake kutokana na mapato, na ziada ikawekwa imsubiri apone. Mfalme hakuruhusiwa kutia chochote mfukoni mwake, na mgonjwa akifa kabla ya kupona, ziada ilitolewa sadaka kwa ajili ya roho yake.

Ili kujua mtu ni wa kundi gani, afisa wa mfalme aliitisha juri, yaani baraza la raia wa eneo lile walioapishwa kusema ukweli, wasiopungua 12, nao walimhoji mhusika uso kwa uso. Mwanasheria Anthony Fitzherbert, aliyeandika mwaka 1534, alieleza kipimo kilichotumika: punguani ni yule asiyeweza kuhesabu peni 20, asiyemjua baba yake wala mama yake, na asiyejua ana umri wa miaka mingapi. Mpangilio huo unastahili kutazamwa, kwa kuwa fedha inatajwa kabla ya mzazi. Mtu aliyeletwa mbele ya juri aliwekewa sarafu mezani, na mahali pa kulala, chakula na jina la familia yake katika kumbukumbu za shamba vikategemea kama vidole vyake vingefika ishirini bila kupotea njiani.

Haki ya mfalme ya kuchukua faida iligeuka biashara. Henry VIII alipoanzisha Mahakama ya Ulezi mwaka 1540, ulezi wa mapunguani uliwekwa humo pamoja na ulezi wa mayatima wenye mashamba, na kwa kawaida haki ya kuushika ilikabidhiwa kwa malipo. Mahakama hiyo ilianguka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na ikafutwa kabisa kisheria mwaka 1660, mamlaka yake juu ya wasio na akili timamu yakahamia kwa Lodi Chansela, mkuu wa mahakama iliyohukumu kwa kufuata insafu na dhamiri badala ya utaratibu mkavu wa sheria za kawaida. Hakuyapata kwa cheo chake, bali kwa hati maalumu iliyotiwa sahihi na mfalme kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini litarudi kuleta matata miaka 300 baadaye.

William Blackstone, mfafanuzi mashuhuri wa sheria za Uingereza ambaye juzuu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1765, anasimulia mambo mawili yanayoonyesha jinsi jamii ilivyokwisha kuuzoea utaratibu huo na kuuzunguka. La kwanza ni kwamba majuri ya wakati wake yalikataa karibu kila mara kumtangaza mtu kuwa punguani wa kuzaliwa, yakapendelea kusema kwamba akili zilimtoka tangu siku fulani, kwa sababu tangazo la kwanza lingempa mfalme mapato na la pili lingeyaacha katika familia. Utambuzi wa ugonjwa, kwa lugha nyingine, ulifuata masilahi ya shamba. La pili ni desturi ya Chansela ya kuteua waangalizi wawili, mmoja wa mwili wa mgonjwa na mwingine wa mali yake. Mrithi hakupewa mwili, kwa kuwa kifo cha mgonjwa kingemfaidi. Alipewa mali, kwa kuwa aliyekuwa akitarajia kuirithi ndiye angeitunza vizuri kuliko mtu mwingine. Haikuwa imani katika wema wa jamaa hata kidogo, na pengine ndiyo maana ilifaa.

Swali la nani hasa anaangukia chini ya mamlaka hayo lilibaki wazi. Edward Coke, katika ripoti yake ya shauri la Beverley la mwaka 1603, alihesabu aina nne za watu wasio na akili timamu, wakiwemo walevi waliojipotezea akili kwa hiari yao. Lakini mzee aliyechoka akili, au mtu mnyonge wa fikra anayeweza kudanganywa na yeyote anayepita, hakuwa punguani wala mwendawazimu. Lodi Hardwicke alipopelekewa mwaka 1744 tamko la juri lililosema tu kwamba mhusika, kwa udhaifu wa akili, hawezi kujiongoza wala kuendesha mashamba yake, alikataa kulipokea, akiona kwamba kuupanua mlango huo kungewatia hatarini watu wengi ambao kosa lao ni uzito wa fikra tu. Chansela wa baadaye, Lodi Eldon, aliamua kinyume katika shauri la Ridgway mwaka 1802, akashika kwamba mahakama inaweza kumlinda mtu asiyeweza kuendesha mambo yake hata kama hakuna anayeweza kumwita mwendawazimu. Kuanzia hapo kipimo kilianza kuondoka kwenye jina la ugonjwa na kuelekea kwenye uwezo wa kutenda jambo, ingawa jambo lenyewe bado lilikuwa ni kushika mali.

Hatari aliyoiona Hardwicke ilidhihirika wazi katika shauri la William Frederick Windham, kijana wa miaka 21 aliyerithi nyumba na mashamba ya Felbrigg huko Norfolk. Ami yake, jenerali aliyepata sifa katika vita vya Krimea, aliomba kijana huyo atangazwe kuwa hana akili timamu, na usikilizwaji ulioanza Desemba 1861 ulichukua siku 34, ukaita mashahidi zaidi ya mia, na kwa makadirio ya wakati huo ukagharimu pauni 20,000. Mashahidi walieleza jinsi Windham alivyopenda kuvaa sare ya gadi wa treni, akapuliza filimbi na kuwafungia abiria milango ya mabehewa katika reli ya Eastern Counties, jinsi alivyokula kwa kelele na pupa, na jinsi alivyomwoa mwanamke wa mjini mwenye sifa mbaya na kummiminia vito vya thamani. Wengine walisema kwamba ni kijana wa kawaida aliyelelewa vibaya. Juri lilimkuta ana akili timamu. Mali ilikwisha upesi, Felbrigg ikauzwa mwaka 1863 kwa mfanyabiashara wa Norwich, na mrithi wa zamani akawa akiendesha gari la farasi la abiria kati ya Norwich na Cromer, kazi ambayo huenda aliipenda kuliko umwinyi, hadi alipofariki mwaka 1866 akiwa na miaka 25. Bunge lililokasirishwa na urefu na gharama ya shauri hilo lilitunga sheria mwaka 1862 iliyozuia ushahidi wa mambo yaliyotendeka zaidi ya miaka miwili kabla ya uchunguzi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea fikihi ya Kishafii atatambua mara moja kilichokosekana katika shauri la Windham. Fikihi ina dhana ya hajri, yaani kumzuia mtu asitumie mali yake, na humtofautisha mwendawazimu na safihi, ambaye ni mtu mwenye akili lakini mbadhirifu asiyejua kuilinda mali. Msingi wa tofauti hiyo unatajwa katika aya ya 5 ya Suratun-Nisaa. Kwa Mashafii, zuio la mwendawazimu huja lenyewe pamoja na wazimu na huondoka lenyewe anapopona, ilhali mtu mzima aliyeangukia katika ubadhirifu hazuiwi ila kwa amri ya kadhi. Abu Hanifa aliupinga uzuiaji wa mtu mzima mwenye akili kwa sababu ya ubadhirifu tu, akiona kwamba kumnyang'anya binadamu huru hiari yake ni dhara kubwa kuliko kupotea kwa mali, na hoja yake haiko mbali na ile ya Hardwicke. Sheria ya Uingereza haikuwa na mlango wa safihi, na ndiyo maana ami wa Windham ilimbidi ampitishe mpwa wake katika mlango wa wazimu. Neno lenyewe limebadilika mdomoni mwa Waswahili, kwani safihi wa leo ni mfidhuli asiye na adabu, wala si mtapanya mali. Mahakama zimebaki na maana ambayo mitaa imeiacha.

Utaratibu huu wote, ni lazima isemwe, uliwahusu watu wachache sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 waliokuwa chini ya ulinzi wa Chansela walikuwa mamia machache tu, wakati maskini waliougua akili walijazwa katika nyumba za kazi, magereza na baadaye hospitali za kaunti, bila mtu kuwaundia juri. Sheria ya mwaka 1890 ilirahisisha mambo kwa kuruhusu ateuliwe mpokeaji, yaani msimamizi wa mapato, pasipo uchunguzi wa juri, na mwaka 1947 idara iliyosimamia kazi hiyo ilipewa jina la Mahakama ya Ulinzi. Huko India, Waingereza walitunga mwaka 1858 sheria tatu zilizofuatana juu ya wendawazimu, mbili za mali na ulezi na moja ya hospitali, na kwa kuwa sheria za India ndizo zilizotumika katika Himaya ya Afrika Mashariki tangu 1897, utaratibu wa Chansela ulifika Nairobi na Mombasa kupitia Bombay. Ulikuwa na machache ya kusema kwa jamii ambazo ardhi yake haikusajiliwa kwa jina la mtu mmoja, ambako mgonjwa alibaki mikononi mwa ukoo na mali yake ikabaki humo humo. Hata hivyo alama yake ipo: Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989, katika kifungu chake cha 26, iliipa mahakama mamlaka ya kutoa amri za kusimamia mali ya mtu mwenye ugonjwa wa akili na za kumwekea mlezi, na ndani ya kifungu hicho bado walionekana waangalizi wawili wa Blackstone, wa mali na wa mwili, wakiwa wamesimama bega kwa bega.

Uamuzi wa Lodi Eldon uliosafiri mbali zaidi, hata hivyo, si ule wa mwaka 1802 bali ni wa 1816, katika shauri la mgonjwa tajiri aliyeitwa Hinde. Mapato yake yalizidi mahitaji yake kwa mbali, na mpwa wake wa kike akaomba posho kubwa zaidi kutoka katika ziada. Ugumu ulikuwa dhahiri, kwa kuwa mpwa huyo hakuwa na haki ya kudai chochote, na kazi ya mahakama ilikuwa kumtunza mgonjwa wala si jamaa zake. Eldon alishika kwamba mahakama haitakataa kufanya, kwa faida ya mgonjwa, jambo ambalo yumkini mgonjwa mwenyewe angelifanya kama angekuwa na akili zake, kwani mtu mwenye heshima asingependa ndugu zake wa damu watembee wakiomba mitaani. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni iliyokuja kuitwa hukumu ya badala, ambayo maana yake ni hakimu kuvaa viatu vya mgonjwa na kuamua kama yeye angeamua. Eldon mwenyewe aliizungushia tahadhari nyingi: ziada ndiyo iliyogawiwa, mgonjwa hakupungukiwa na kitu, na wote waliofaidika walikuwa watu wa karibu.

Mahakama ya Chansela ya New York ilipokea kanuni hiyo katika shauri la Willoughby la mwaka 1844, ikaendelea kutumika kwa zawadi na posho kwa zaidi ya miaka mia, hadi Kentucky mwaka 1969 ilipopelekewa ombi ambalo Eldon hangeliota. Kijana wa miaka 27, aliyeishi katika taasisi ya serikali na ambaye uwezo wake wa akili ulikadiriwa kuwa sawa na wa mtoto wa miaka sita, alikuwa na kaka wa miaka 28 aliyekuwa akifa kwa maradhi ya figo na kutunzwa hai na mashine. Figo ya mdogo ndiyo iliyolingana na mwili wa mkubwa. Majaji wanne dhidi ya watatu waliruhusu itolewe, wakieleza kwamba kijana alimtegemea sana kaka yake na kwamba kumpoteza kungemdhuru kuliko kupoteza kiungo, na wakaitaja hukumu ya badala kama msingi wa mamlaka yao. Figo haikuwa ziada kwa maana aliyoijua Eldon. Binadamu huishi kwa figo moja, ni kweli, lakini hakuna hesabu ya mwisho wa mwaka inayoonyesha kwamba ile ya pili imebaki bure.

Baada ya hapo njia ilikuwa mteremko. Mahakama Kuu ya New Jersey iliamua shauri la Quinlan mwaka 1976, ambapo wazazi waliomba binti yao aliyekuwa katika usingizi usio na dalili ya kuamka aondolewe mashine ya kupumulia, na ile ya Massachusetts, katika hukumu kamili iliyotolewa 1977, ilimzungumzia mzee wa miaka 67 aliyekuwa na saratani ya damu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na akili zaidi ya mtoto mdogo wala kutumia maneno. Mahakama hiyo ilisema ni lazima iamue kama mzee huyo angeamua kama angekuwa na uwezo, huku ikizingatia kwamba hana uwezo. Sentensi hiyo haisimami. Hinde aliwahi kuwa mtu mwenye matakwa yanayojulikana, kwa hiyo kukisia uamuzi wake kulikuwa ni kukumbuka. Kwa mtu asiyewahi kuonyesha uchaguzi wa aina hiyo, kuvaa viatu vyake ni hakimu kutembea kwa viatu vyake mwenyewe na kudai ni vya mwingine.

Uingereza yenyewe ilifika kwenye mwili kwa ajali. Sheria ya Afya ya Akili ya 1959 ilifuta taratibu za zamani, na ile hati ya sahihi ya mfalme iliyokuwa imempa Chansela ulezi wa mtu na si wa mali peke yake ikabatilishwa. Mahakama ya Ulinzi iliendelea na mali, na wala haikuonekana kwamba kuna lililopotea, hadi majaji walipogundua kwamba nchini hakukuwa tena na mtu, si mzazi, si daktari, si mahakama, mwenye mamlaka ya kumkubalia mtu mzima asiye na uwezo matibabu yoyote. Shauri la F lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1989, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, lilimhusu mwanamke wa miaka 36 aliyeishi hospitalini tangu utotoni, aliyekuwa na uhusiano na mgonjwa mwenzake, na ambaye mama yake pamoja na madaktari walitaka afungwe kizazi. Malodi walikubali kwamba mahakama haina uwezo wa kutoa ridhaa kwa niaba yake, kisha wakatoka upande mwingine: upasuaji ni halali kwa sababu ya dharura ya mahitaji endapo ni kwa maslahi yake bora, na mahakama inaweza kutamka tu kwamba ni halali. Maslahi bora yenyewe yalipimwa kwa utendaji unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi, na kwa miaka kadhaa mgonjwa akawa ameondoka mikononi mwa mrithi na kuingia mikononi mwa daktari.

Kilichoanza kurekebisha hali hiyo ni swali la zamani la peni 20 likiulizwa upya. Mwaka 1993 mgonjwa wa miaka 68 katika hospitali ya ulinzi mkali ya Broadmoor, aliyeamini kwamba yeye ni daktari mashuhuri wa kimataifa, alikataa kukatwa mguu uliokuwa ukioza, ingawa daktari wa upasuaji alikadiria kwamba bila kukatwa nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 15. Mahakama haikuuliza kama ni mwendawazimu, kwa kuwa hilo lilijulikana. Iliuliza kama anaelewa na kukumbuka maelezo ya matibabu yale, anayaamini, na anaweza kuyapima hata akafikia uamuzi. Alionekana anaweza, mguu ukaachwa, naye akaishi. Tume ya Sheria ilitoa ripoti yake juu ya suala hilo 1995, na Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, iliyoanza kutumika 2007 katika Uingereza na Wales, ikaandika kwamba kila mtu mzima huchukuliwa kuwa na uwezo hadi ithibitishwe vingine, kwamba uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja kwa wakati mmoja, na kwamba uamuzi wa kipumbavu si ushahidi wa kukosa uwezo, kanuni ambayo ingemwokolea Windham pauni 20,000. Sheria hiyo ilichagua maslahi bora badala ya hukumu ya badala, lakini ikaagiza matakwa, hisia na imani za mgonjwa zitazamwe, na Mahakama ya Juu katika shauri la Aintree la 2013 ikasisitiza kwamba mambo yaangaliwe kutoka pale alipo mgonjwa.

Mahakama ya Ulinzi iliyoundwa upya kwa sheria hiyo ina mamlaka juu ya mali na juu ya mwili pia, na mashauri yake yanayoandikwa magazetini ni yale ya mashine za kupumulia, ndoa na mahali pa kuishi. Lakini sehemu kubwa ya maombi yanayofika katika masjala yake hadi leo ni ya mali na fedha: kufungua akaunti ya mzee aliyesahau jina la benki yake, kuuza nyumba ili ada ya makao ya wazee ilipwe, kumpata mtu wa kuaminika atakayeshika daftari na kutoa hesabu kila mwaka.